Kidole cha Tano cha Mbwa: Kikatwe au Kiachwe?

Katika miji ya Kenya mbwa ni mlinzi wa nyumba na rafiki wa watoto. Mtu aliye na mbwa jike wa aina ya German Shepherd humlisha vizuri na kumpeleka kudungwa sindano ya kuzuia kichaa, na siku akizaa, watoto wake huwa faida ya nyumba, kwa maana wanunuzi hawakosekani. Lakini kabla watoto hao hawajafumbua macho, aghalabu hutokea jirani mwenye maarifa mengi. Huchukua mtoto mmoja, humgeuza kiganjani, kisha huonyesha kidole kidogo kilicho upande wa ndani wa mguu, juu, mbali na vidole vingine. "Bwana," asema, "hiki hakina kazi. Kesho kitanasa katika miiba na kumtesa. Kikate sasa angali mchanga, hasikii maumivu. Wembe mmoja watosha, na mnunuzi ataiona miguu ni safi."

Mwenye mbwa husikia maneno hayo, akasita. Hataki kumtesa mnyama bure. Wala hataki mnyama aje kuumia baadaye kwa sababu ya uzembe wa bwana wake. Shauri hili ni dogo kwa kulitazama, lakini lina jambo kubwa ndani yake, maana kiungo kikisha kukatwa hakirudi, na mwenye kukatwa hana ulimi wa kukubali wala wa kukataa. Yafaa basi jambo lenyewe lichunguzwe kwa utaratibu, kabla wembe haujatoka katika karatasi yake.

KIDOLE HIKI NI KITU GANI

Mbwa hakanyagi kwa unyayo mzima kama mwanadamu, bali hutembea juu ya vidole vyake. Katika kila mguu, vidole vinne ndivyo vigusavyo ardhi. Kile cha tano hukaa juu, upande wa ndani, na katika mguu wa mbele ndicho kilicho mahali pa kidole gumba cha mkono wa mtu. Kwa kuwa mbwa akisimama kidole hicho hakigusi chini, watu wengi hudhani kwamba ni kipande cha nyama kisicho na maana, kama uzi ulioachwa na mshoni katika upindo wa nguo.

Dhana hiyo si ya kweli kwa miguu ya mbele. Kidole cha tano cha mbele kina mifupa yake na kiungo chake, nacho kimeungwa kwa kano na misuli ya mguu. Kano ni kamba ambazo kwa hizo misuli huvuta mifupa, na hapana fundi afungaye kamba mahali pasipo na kitu cha kuvuta. Mbwa akitembea polepole, kidole hicho hukaa kimya. Lakini akikimbia mbio, mguu wa mbele hukunjika kwenye kifundo hata kidole cha tano kikafika chini na kushika udongo. Daktari M. Christine Zink wa Marekani, ambaye ameshughulika sana na afya ya mbwa wa michezo, amefundisha kwamba wakati huo kidole hicho huushikilia mguu usijisokote, hasa mbwa apindapo ghafula kwa kasi.

Hata mtu asiyesoma vitabu vya elimu ya mwili aweza kuona sehemu ya kazi hiyo kwa macho yake. Na ampe mbwa mfupa wenye nyama, kisha akae kando atazame. Ataona jinsi mnyama aukumbatiavyo mfupa kwa miguu miwili ya mbele, na vidole vile vya ndani vikiubana usiteleze. Wazee walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Na mguu wa mbele wa mbwa nao ulipewa vidole vitano ili visaidiane.

Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi juu ya mbwa wa mashindano ya kuruka viunzi na kupita vizuizi kwa mbio. Wenye mbwa waliulizwa habari za majeraha ya vidole, na majibu yao yakalinganishwa. Ilionekana kwamba mbwa wasio na vidole vya tano vya mbele walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuumia vidole kuliko wale walio navyo. Ni kweli kwamba uchunguzi wa namna hiyo hutegemea kumbukumbu za watu, wala hauthibitishi peke yake kwamba kukatwa ndiko kulikoleta majeraha. Hata hivyo, yule asemaye kwamba kukata huwaepusha mbwa na madhara hana budi kuueleza ushahidi huo, maana umeelekea upande ulio kinyume cha maneno yake.

MIGUU YA NYUMA NI HABARI NYINGINE

Katika miguu ya nyuma mambo hubadilika. Mbwa wengi huzaliwa bila kidole cha tano huko nyuma. Walio nacho, mara nyingi kidole hicho hakina kiungo cha kukiunga na mguu. Huning'inia kwa ngozi tu, na ukishikwa na kutikiswa huyumba huku na huku kama kishaufu cha sikio. Kidole cha namna hiyo hakiwezi kushika ardhi wala mfupa, nacho chaweza kunasa katika nyasi, waya au zulia, kikachanika.

Hata hivyo si mbwa wote walio hivyo. Ziko aina ambazo zimezaliwa tangu zamani na vidole viwili vya ziada katika kila mguu wa nyuma, kama vile Beauceron na Briard wa Ufaransa, ambao ni mbwa wa kuchunga kondoo, na mbwa wakubwa weupe wa milima ya Pyrenees. Katika maonyesho, Beauceron au Briard asiye na vidole hivyo hukataliwa. Huko Norway iko aina iitwayo Lundehund, yenye vidole sita au zaidi katika kila mguu. Mbwa hao walitumiwa katika visiwa vya kaskazini, kama Værøy, kupanda majabali na kuingia katika mashimo membamba ili kuwatoa ndege wa baharini, na vidole vyao vingi viliwasaidia kushika mwamba wenye utelezi.

Katika habari hizo mwenye mbwa apata kanuni moja nyepesi. Asiulize tu, "Je, ni kidole cha tano?" Aulize, "Je, kina mfupa na kiungo, au kimeshikwa na ngozi peke yake?" Kidole chenye mfupa na kiungo ni kiungo cha mwili, nacho hakiondolewi bila sababu ya ugonjwa au jeraha. Kidole kinachoning'inia kwa ngozi chaweza kufikiriwa upya, tena na mtu aliyesomea kazi hiyo.

HOJA ZA WANAOKATA

Si haki kuwadharau wanaokata, kwa maana wengi wao hawakusudii ukatili. Hoja yao ya kwanza ni ya wawindaji. Husema kwamba mbwa apitaye vichakani hunaswa kidole hicho, ukucha ukang'oka au kidole kikapasuka, na jeraha hilo ni chungu na hutoka damu nyingi. Maneno hayo ni kweli; jambo hilo hutokea, na aliyeliona hataki kuliona tena. Lakini vidole vinne vya chini navyo huumia, hata hapana awazaye kuvikata. Masikio ya mbwa huchanwa na miiba ya migunga, na macho yake hupigwa na nyasi. Kama kila kiungo kiwezacho kuumia kingekatwa mapema, mbwa angebaki kiwiliwili.

Tena wengi wa wanaohangaika na jambo hili si wawindaji. Mbwa wao hulala barazani, hulinda lango usiku, na hutembezwa barabarani kwa kamba. Hoja ya kichaka haiwahusu watu wa saruji.

Hoja ya pili ni ya uzuri na biashara: kwamba mguu usio na kidole hicho ni safi machoni, na mnunuzi atatoa bei nzuri. Hapo yafaa kusema wazi kwamba sifa hiyo si ya lazima hata katika maonyesho. Kwa mbwa wa German Shepherd, kanuni za chama kikubwa cha mbwa cha Marekani husema kwamba vidole vya tano vya mbele vyaweza kuondolewa, lakini kwa kawaida huachwa. Vile vya nyuma, kama vipo, ndivyo vitakiwavyo kuondolewa. Basi jirani anayemkata mtoto wa mbwa miguu ya mbele kwa sababu ya mnunuzi afanya kazi ambayo hata wapenda maonyesho hawakuiamuru.

Hoja ya tatu ndiyo yenye kupotosha zaidi, nayo ni kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu. Zamani watu wengi waliiamini, hata miongoni mwa waliosoma. Waliona mtoto wa mbwa akikatwa hulia kidogo, kisha hurudi kunyonya, wakadhani kwamba amesahau. Elimu ya siku hizi imeikanusha imani hiyo. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa jana ana neva za kupeleka habari ya maumivu. Alichokosa ni nguvu ya kukimbia na namna ya kujieleza. Kurudi kunyonya hakuonyeshi kwamba hakuumia, maana titi la mama ndilo kimbilio lake la pekee. Kwa wembe usiochemshwa na mikono isiyooshwa, jeraha laweza kuingia uchafu na kuoza, na kwa kiumbe mdogo kama kiganja, hata damu kidogo inayopotea si kidogo.

SHERIA ZASEMAJE

Nchi mbalimbali zimelifikiria jambo hili. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1966 juu ya madaktari wa wanyama iliacha ruhusa kwa mtu mzima wa miaka 18 au zaidi kukata vidole hivyo kabla mbwa hajafumbua macho. Baadaye, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 ilikataza kuwakata wanyama viungo kwa jumla, na kanuni za mwaka 2007 zikaorodhesha kazi chache zilizoachiwa nafasi. Kuondoa vidole vya tano vya mbwa ni miongoni mwa hizo, kwa sharti la kutumia dawa ya ganzi au ya usingizi, isipokuwa kwa mtoto ambaye macho yake hayajafumbuka.

New Zealand ilikwenda mbele zaidi. Katika kanuni zake za mwaka 2018 ilitenganisha kidole na kidole: vya mbele, na vile vya nyuma vilivyo na kiungo, visikatwe ila na daktari wa wanyama aliyeona sababu ya tiba. Mkataba wa nchi za Ulaya wa kuwalinda wanyama wa nyumbani, uliofanywa Strasbourg mwaka 1987, ulikataza kuwapasua wanyama kwa ajili ya kubadili sura yao tu, ukataja waziwazi kukata mikia, kukata masikio na kuondoa kucha.

Nchini Kenya iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na iko sheria ya mwaka 2011 inayotaka wenye kufanya kazi ya udaktari wa mifugo waandikishwe na Bodi yao. Jirani mwenye wembe hayumo katika daftari hiyo. Mtu ajiulize kama angemruhusu jirani huyo huyo kumpasua ng'ombe wake wa maziwa. Na kama jibu ni hasha, aone sababu gani mbwa apewe hukumu nyepesi zaidi.

KAZI YA MKASI, SI YA WEMBE

Wakati mwingi adui si kidole bali ukucha. Kucha za vidole vinne husuguliwa na ardhi kila siku zikapungua. Ukucha wa kidole cha tano hausuguliwi sana, kwa hiyo hurefuka upesi na kupinda. Ukiachwa, huzunguka kama pembe ya kondoo dume hata ncha yake ikaingia katika nyama ya kidole. Ukucha mrefu ndio unaonasa katika blanketi na waya. Mwenye mbwa anayesema kwamba kidole kimemtesa mbwa wake, mara nyingi ametazama kosa la mkasi akalihesabu kuwa kosa la kidole. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Dawa yake ni rahisi, nayo yataka mazoea kuliko fedha. Kila juma miguu yote minne ishikwe na kutazamwa, na nywele zilizo karibu na kidole cha tano zipekuliwe, kwa maana kupe hupenda kujificha hapo. Kucha zikirefuka, ambayo kwa mbwa wengi huwa kila baada ya majuma matatu au manne, zipunguzwe kwa mkasi wa kucha za mbwa. Ndani ya ukucha mna nyama hai yenye damu na neva. Katika ukucha mweupe huonekana kama mstari mwekundu, na mkasi usiufikie. Katika ukucha mweusi haionekani, kwa hiyo mtu akate kidogo kidogo kwenye ncha, au asugue kwa tupa. Mbwa akizoeshwa tangu utotoni kushikwa miguu, huku akipewa kipande cha nyama kwa utulivu wake, kazi yote huisha kwa dakika chache.

Ikiwa siku moja ukucha utang'oka au kidole kitachanika, mbwa afungwe mdomo kwanza kwa kitambaa, maana hata mbwa mpole huuma akiumia, ila asifungwe kama ahema kwa shida au anatapika. Kisha kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa dakika tano hadi kumi bila kufunuliwa kila mara, lizungushiwe bendeji, na mnyama apelekwe kwa daktari. Asipewe dawa za maumivu za wanadamu. Ibuprofeni na parasetamoli, ambazo hukaa katika kabati za nyumba nyingi, zaweza kumdhuru mbwa vibaya, hata kumwua.

WAKATI KUKATA NI HAKI

Iko siku ambayo kukata ni rehema. Kidole kilichopasuka mara kwa mara, chenye uvimbe mbaya, au kilichovunjika kisitibike, huondolewa kwa faida ya mbwa mwenyewe. Kidole cha nyuma kinachoning'inia kwa ngozi nacho chaweza kuondolewa, na aghalabu daktari hushauri kungoja hata mbwa alazwe usingizi kwa kazi nyingine, kama vile kufungwa kizazi, ili shida mbili zimalizwe kwa dawa moja ya usingizi na gharama ipungue. Kungoja huko kuna faida nyingine: mbwa akikua, mwenye mbwa huona kama kidole hicho kimemsumbua au la, na mara nyingi huona kwamba hakikumsumbua hata siku moja.

Katika hali zote hizo, jambo linaloamua ni haja ya mnyama. Anayemkata kwa ajili ya bei, au ili aepuke kazi ya kukata kucha kwa mkasi, amemtwika mbwa mzigo uliokuwa wake mwenyewe.

Basi jirani arudipo na wembe wake, mwenye mbwa aweza kumjibu kwa upole. Na amkaribishe chai, kisha amshikishe mtoto mmoja wa mbwa na kumwambia, "Ndugu yangu, gusa hapa, je, huusikii mfupa?" Jirani akishagusa, pengine atanyamaza. Kisha, siku wanunuzi watakapokuja, kila mmoja aonyeshwe kidole hicho, afundishwe namna ya kushika mkasi, na aende zake na mbwa mwenye vidole vyote alivyozaliwa navyo.